Mahojiano ya Kazi: Jopo Halitoi Alama kwa Jambo Ulilonyamazia

Ukurasa wetu wa mafunzo katika toleo hili unawalenga vijana waliomaliza chuo au walio karibu kumaliza, pamoja na wazazi wao. Tutazungumzia mahojiano ya kazi, ambayo wengine huyaita usaili: jinsi jopo linavyofanya kazi, jinsi ya kujitayarisha ukiwa nyumbani, na haki ulizo nazo ukiwa mbele ya jopo hilo. Mifano mingi ni ya kazi za serikali ya kaunti, lakini mafunzo yenyewe yatakufaa hata ukiitwa na hoteli ya Watamu, kiwanda cha Mariakani au shirika lisilo la serikali.

"Hawakuniuliza"

Niruhusu nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipomaliza shahada ya uanahabari, niliitwa kwa mahojiano na kituo kimoja cha redio. Swali la kwanza lilikuwa, "Hebu tueleze kukuhusu." Nikataja jina langu, mahali nilipozaliwa, shule nilizosoma na mwaka niliohitimu. Kisha nikanyamaza na kuinamisha macho, kama nilivyofunzwa kufanya mbele ya wakubwa. Wakaniuliza kama nina uzoefu wa utangazaji. Nikajibu, "Kidogo tu." Baada ya robo saa nilikuwa nje, na kazi sikuipata.

Nilipofika nyumbani mama aliniuliza, "Uliwaeleza kwamba kule chuoni ulikuwa ukitayarisha taarifa ya habari kila Ijumaa kwa miaka miwili?"

"Hawakuniuliza, mama."

"Na wangejuaje ili wakuulize?"

Swali hilo la mama ndilo somo la leo. Wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Ni malezi mema, na hatusemi yaachwe. Lakini chumba cha mahojiano kina hali yake. Watu walio mbele yako hawakujui, wana dakika chache, na wameketi pale kwa kazi moja tu ya kukusikiliza. Kueleza kwa ukweli jambo ulilolifanya si kujisifu, bali ni kutoa ushahidi. Anayejisifu husema, "Mimi ni hodari." Anayetoa ushahidi husema alifanya nini, wapi, lini, na kilichotokea baadaye.

Jopo hufanyaje kazi?

Kila kaunti ina Bodi ya Utumishi wa Umma iliyoundwa chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Bodi hiyo hutangaza nafasi, hupokea maombi, huorodhesha wanaotimiza masharti, huwahoji, kisha huteua. Kifungu cha 232 cha Katiba kinataja ushindani wa haki na ustahili kuwa msingi wa uteuzi katika utumishi wa umma. Kifungu hicho pia kinataka wanaume na wanawake, watu wa makabila yote na watu wenye ulemavu wapewe nafasi za kutosha na zilizo sawa.

Kwa kawaida, wanaohojiwa kwa nafasi moja huulizwa maswali yaleyale au yanayofanana, na kila mwanajopo huwa na karatasi ya alama. Karatasi hiyo huwa na mistari kama vile elimu, uzoefu, ujuzi wa kazi yenyewe, ufahamu wa utumishi wa umma, na namna ya kujieleza. Mwishoni alama hujumlishwa na waliohojiwa hupangwa kulingana na walichopata.

Fikiria maana ya jambo hilo. Mwanajopo anaweza kukuona u mtu mwenye adabu. Anaweza hata kuhisi kwamba unajua zaidi ya unachosema. Lakini hana pa kuandika hisia hizo. Anaandika alama kwa maneno yaliyotoka kinywani mwako. Ukifanya kazi nzuri kwa miezi mitatu kisha uieleze kwa maneno mawili, utapata alama za maneno mawili.

Hatua ya kwanza: Lisome tangazo kama karatasi ya mtihani

Tangazo la kazi ni mtihani uliotolewa mapema. Majukumu yaliyoorodheshwa pale ndiyo jopo litakayouliza. Hata hivyo, wengi huangalia kiwango cha masomo na tarehe ya mwisho tu, wanatuma maombi, kisha hawalisomi tena. Wakiitwa miezi miwili baadaye, hawakumbuki hata jina kamili la nafasi waliyoomba.

Hifadhi nakala ya kila tangazo uliloomba, pamoja na barua ya maombi na wasifu uliotuma. Ukiitwa, chukua daftari ugawe ukurasa mara mbili kwa mstari. Upande wa kushoto andika kila jukumu lililo kwenye tangazo. Upande wa kulia andika jibu la swali hili: "Jambo kama hili nililifanya lini?"

Tuchukue nafasi ya msaidizi wa afisa wa ugani wa kilimo. Tuseme majukumu ni kuwatembelea wakulima, kuwafunza namna ya kukabiliana na wadudu waharibifu, na kutunza rekodi. Upande wa kulia, kijana aliyesomea stashahada ya kilimo anaweza kuandika mashamba aliyotembelea wakati wa mafunzo ya nyanjani, somo alilowahi kutoa kwa kikundi cha akina mama, na daftari la mauzo alilotunza kwenye duka la mjomba wake.

Usidharau lolote. Uzoefu si ule wa ofisini tu wenye mshahara. Kama ulikuwa mweka hazina wa chama cha wanafunzi, umewahi kushika fedha za watu na kuzitolea hesabu. Kama ulikuwa karani wa uchaguzi, umefanya kazi kwa kufuata kanuni na kwa kushindana na saa. Kama umefundisha watoto madrasa au Shule ya Jumapili, umesimama mbele ya watu ukaeleweka. Kama umeuza samaki Malindi wakati wa likizo, umejifunza kuzungumza na mteja aliyekasirika.

Hatua ya pili: Jenga jibu lenye sehemu nne

Maswali mengi ya mahojiano huanza hivi: "Tueleze wakati ambapo ulifanya jambo fulani." Jibu zuri la swali kama hilo lina sehemu nne: hali ilivyokuwa, jukumu lako, hatua ulizochukua, na matokeo. Linganisha majibu haya mawili ya mfano. Swali ni, "Tueleze wakati ulipomsaidia mkulima kutatua tatizo."

Jibu la kwanza: "Nikiwa mafunzoni tulisaidia wakulima wengi sana. Mimi ni mchapakazi na napenda kufanya kazi na watu."

Jibu la pili: "Mwaka jana nilikuwa kwenye mafunzo ya nyanjani kule Ganze kwa miezi mitatu. Wakati wa mvua za masika, wakulima wa kijiji nilichopangiwa walilalamika kwamba viwavijeshi wanaharibu mahindi. Msimamizi wangu alinipa jukumu la kutembelea mashamba 14 na kuandika hali ya kila shamba. Nilimwonyesha kila mkulima jinsi ya kukagua majani machanga na kutafuta mayai na viwavi wadogo, kwa sababu ni vigumu kuwaangamiza wakishakua na kujificha ndani ya mmea. Nilirudi baada ya wiki mbili. Wakulima tisa walikuwa wakikagua mashamba yao. Watano walikuwa wameacha. Nilipouliza, nikagundua wengi wao ni wazee ambao hawayaoni mayai hayo vizuri. Katika mafunzo yaliyofuata nikawaomba waje na wajukuu wao."

Kijana wa kwanza na wa pili huenda walifanya kazi ileile, katika kijiji kilekile. Lakini mwanajopo anayemsikiliza wa pili ana mengi ya kuandika: idadi ya mashamba, ujuzi wa kitaalamu, kufuatilia kazi, na uwezo wa kubadilisha mbinu baada ya kuona haijawafaa wote. Angalia pia kwamba hakuficha wale watano walioacha. Kueleza jambo ambalo halikwenda sawa, na ulilofanya baada ya hapo, huonyesha ukomavu.

Jambo lingine ni matumizi ya "tulifanya" na "nilifanya". Tumezoea kusema "tulifanya" kwa sababu ya heshima kwa wenzetu. Ni kweli kazi nyingi hufanywa na watu wengi, na si vizuri kujinyakulia sifa za wengine. Lakini jopo linataka kujua sehemu yako. Sema, "Tulikuwa wanafunzi wanne. Mimi nilishughulika na rekodi." Hapo umewaheshimu wenzako na umejieleza pia.

Tayarisha visa sita kama hicho kabla ya siku ya mahojiano: mara ulipotatua tatizo, ulipofanya kazi na wengine, ulipokosea ukajirekebisha, ulipokabiliana na mtu mgumu, ulipobanwa na wakati, na ulipoaminiwa na mali au fedha. Kisa kimoja huweza kujibu maswali kadhaa. Kila kimoja kisichukue zaidi ya dakika mbili ukikisema kwa sauti.

Hatua ya tatu: Jitayarishe kwa maswali yanayojirudia

"Hebu tueleze kukuhusu." Hapa ndipo nilipoanguka mimi. Jopo tayari lina wasifu wako, kwa hiyo usirudie tarehe ya kuzaliwa na shule ya msingi. Anza na ulipo sasa, rudi kwenye jambo moja au mawili uliyoyafanya yanayohusiana na kazi hiyo, kisha malizia na sababu ya kuiomba. Kwa mfano: "Nimemaliza stashahada ya malezi na elimu ya watoto wadogo. Katika mafunzo ya kufundisha nilikuwa na darasa la watoto 38, na nilitengeneza vifaa vya kuhesabia kwa vifuu na vizibo vya chupa. Nimeomba nafasi hii kwa sababu nataka kufundisha chekechea mashambani, mahali ambapo vifaa ni haba."

"Kwa nini unataka kazi hii?" Usijibu kwamba una shida au kwamba umekaa nyumbani kwa muda mrefu. Kila mtu aliye kwenye foleni ana shida, na karatasi haina mstari wa alama za shida. Unganisha kazi na jambo unaloliweza na linalokugusa.

"Udhaifu wako ni upi?" Usiseme huna, wala usiseme kwamba tatizo lako ni kufanya kazi kupita kiasi. Jopo limelisikia jibu hilo mara nyingi. Taja udhaifu wa kweli ambao si nguzo ya kazi yenyewe, kisha ueleze unavyoushughulikia. "Nilikuwa naogopa kuzungumza mbele ya watu wengi. Nimejiunga na kikundi cha vijana wadini, na sasa mimi ndiye ninayesoma kumbukumbu za mikutano."

"Huna uzoefu. Tukuajiri kwa nini?" Usikasirike wala usiombe msamaha. Kubali, kisha toa ushahidi: "Ni kweli sijaajiriwa bado. Lakini jukumu la pili na la tatu kwenye tangazo lenu nimewahi kuyafanya, na naweza kueleza jinsi nilivyoyafanya."

"Unajua nini kuhusu serikali ya kaunti?" Katika nafasi za umma, swali hili hujitokeza sana. Kenya ina kaunti 47, na serikali za kaunti zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Jedwali la Nne la Katiba linagawa majukumu. Kaunti zinashughulikia mambo kama kilimo, huduma za afya za kaunti, elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko, barabara za kaunti na huduma za maji. Shule za msingi na za upili, vyuo vikuu na polisi ni majukumu ya serikali ya kitaifa. Soma pia Kifungu cha 10 kuhusu maadili ya kitaifa, na Kifungu cha 232 tulichokitaja hapo juu. Pitia Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti, ambao huandaliwa kwa miaka mitano, angalau sehemu inayohusu idara unayoomba. Ukijua mradi mmoja wa idara hiyo katika wadi yako na ukauzungumzia kwa ufahamu, jopo litaona kwamba ulijisumbua kusoma.

"Unatarajia mshahara gani?" Kwa kazi za umma, tangazo mara nyingi hutaja kundi la kazi, na mishahara huongozwa na Tume ya Mishahara na Marupurupu. Jua kundi hilo kabla hujafika. Kwa kampuni za kibinafsi, waulize watu wanaofanya kazi kama hiyo wanalipwa kiasi gani, kisha utaje kiwango unachoweza kukitetea.

"Una swali lolote kwetu?" Uwe nalo moja. Waweza kuuliza ni jambo gani ambalo atakayechukua nafasi hiyo atatakiwa kulishughulikia kwanza.

Hatua ya nne: Fanya mazoezi kwa sauti

Kusoma majibu kimoyomoyo hakutoshi. Jibu linaloonekana zuri kichwani huweza kukwama kooni. Mwombe shangazi, mjomba, mwalimu mstaafu wa kijijini au rafiki akae upande wa pili wa meza akuulize. Akiwa ni mtu unayemstahi na kumwogopa kidogo, ni bora zaidi, kwa sababu hofu hiyo ndiyo utakayokutana nayo. Jirekodi kwa simu, kisha usikilize. Utashangaa mara ngapi umesema "kidogo tu", "yaani" na "sijui kama ni sawa".

Zungumza pia kuhusu macho. Mbele ya wazee wetu kuinamisha macho ni adabu. Katika mahojiano, jopo linaweza kudhani huna hakika na unachosema. Mtazame aliyekuuliza unapoanza kujibu, kisha uwatazame wengine kwa zamu. Ukiona ugumu, tazama paji la uso.

Kuhusu lugha, Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi chini ya Kifungu cha 7 cha Katiba. Lakini mahojiano mengi hufanywa kwa Kiingereza, kwa hiyo fanya mazoezi ya visa vyako kwa lugha zote mbili. Sentensi fupi zilizo sahihi zitakusaidia kuliko maneno makubwa usiyoyazoea.

Stakabadhi: Anza mapema

Weka kwenye faili moja kitambulisho cha kitaifa, vyeti vyote vya masomo, barua za mafunzo ya nyanjani, nambari ya PIN ya KRA, barua ya mwito na nakala ya tangazo. Chukua vyeti halisi pamoja na nakala mbili za kila kimoja. Kwa kazi zinazohitaji usajili wa kitaaluma, kama vile uuguzi au ualimu, hakikisha usajili wako haujapitwa na wakati.

Kagua majina. Ikiwa kitambulisho kina majina matatu na cheti cha shule kina mawili, au herufi zinatofautiana, mwone wakili upate hati ya kiapo inayoeleza kwamba ni mtu mmoja. Usingoje hadi jioni ya kuamkia mahojiano.

Kuhusu cheti cha maadili mema cha Idara ya Upelelezi wa Jinai na vyeti vingine vya uidhinisho, Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022. Sasa mwajiri hapaswi kumtaka mtu awasilishe vyeti hivyo isipokuwa ananuia kuingia naye katika mkataba wa kazi wa maandishi. Soma tangazo lako vizuri ujue ni nini kinachotakiwa na kwa wakati gani, usije ukatumia fedha za nauli kulipia vyeti ambavyo bado havihitajiki.

Na usijaribu kamwe kutumia cheti cha kughushi. Mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi uligundua zaidi ya watumishi 2,000 waliotumia vyeti bandia. Anayepatikana hupoteza kazi na hukabiliwa na mashtaka, hata kama amefanya kazi miaka mingi.

Siku yenyewe

Ukitoka mbali, kwa mfano Magarini au Bamba, piga hesabu ya nauli na muda wa safari siku mbili kabla. Ikiwezekana, lala kwa jamaa aliye karibu. Panga kufika nusu saa mapema, ukikumbuka kwamba matatu hungoja abiria na barabara za mashambani hubadilika mvua ikinyesha.

Si lazima uvae suti ya kukopa. Shati au blauzi safi iliyopigwa pasi, viatu vilivyosafishwa na nywele nadhifu vinatosha. Mitumba ya Kongowea imewafikisha wengi ofisini.

Msalimie mlinzi na karani kwa heshima. Zima simu kabisa. Ukiingia, salimia, subiri uambiwe uketi, kisha ushukuru. Ukikosa kusikia swali, omba lirudiwe. Ukihitaji kufikiri, sema, "Naomba nifikiri kidogo." Ukiwa hujui jibu, sema hujui, na ueleze ungelitafuta wapi. Jopo linaweza kumfunza mtu asiyejua, lakini haliwezi kumwamini anayebuni.

Mahojiano yakifanywa kwa njia ya simu au video, chaji simu mapema, nunua bando ya kutosha, tafuta mahali penye mtandao mzuri na pasipo kelele, na uwaombe walio nyumbani wanyamaze kwa saa moja. Vaa kama unavyovaa ukienda ofisini.

Haki zako mbele ya jopo

Kazi haiuzwi. Chini ya Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, anayetoa na anayepokea hongo wote wanavunja sheria. Mtu akikupigia simu akidai "chai" ili jina lako lipite, usitume chochote. Hifadhi nambari yake na ujumbe wake, na uripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Wazazi, tunawasihi msiuze ng'ombe wala shamba kwa ahadi ya namna hiyo.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza mwajiri kumbagua mtu kwa misingi kama vile jinsia, dini, kabila, ulemavu, ujauzito au hali ya virusi vya ukimwi. Ukiulizwa kama unapanga kuzaa hivi karibuni, unaweza kujibu kwa upole, "Ningependa tuzungumzie jinsi nitakavyoifanya kazi hii."

Ikiwa una ulemavu, wasiliana na aliyekuita mara tu unapopata barua, useme unachohitaji: mkalimani wa lugha ya ishara, chumba kisicho na ngazi, au maswali kwa maandishi makubwa. Kifungu cha 54 cha Katiba kinalinda haki hiyo. Kuomba huduma hiyo hakupunguzi alama zako.

Na ikiwa huridhiki na uamuzi wa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, Sheria ya Serikali za Kaunti inakuruhusu kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma kwa maandishi, ndani ya siku 90 tangu uamuzi huo.

Ukikosa mara hii

Nafasi ni chache kuliko wanaoziomba, na mtu anaweza kujibu vizuri na bado akashindwa na aliyejibu vizuri zaidi. Siku hiyohiyo, kabla hujalala, andika kila swali unalolikumbuka na jibu ulilotoa. Weka alama palipokukwama. Daftari hilo litakuwa mwalimu wako kwa mahojiano yajayo.

Baada ya kile kituo cha redio, mama alinikalisha chini akaniambia niandike kila nilichokifanya tangu kidato cha nne. Ukurasa wa kwanza ulijaa, nikafungua wa pili. Katika mahojiano yaliyofuata, niliposikia "Hebu tueleze kukuhusu," nilianza na ile taarifa ya habari ya kila Ijumaa.

Zoezi la wiki hii

1. Tafuta tangazo moja la kazi unayoiweza. Andika majukumu yake upande wa kushoto wa ukurasa, na uliyoyafanya upande wa kulia.

2. Andika visa vyako sita, kila kimoja kikiwa na hali, jukumu, hatua na matokeo.

3. Mwombe mtu unayemheshimu akuulize maswali matano, kisha akwambie ni wapi ulijificha.

4. Mzazi unayesoma haya, mwite mwanao jioni umwambie mambo matatu uliyomwona akiyafanya vizuri. Huenda yeye hayakumbuki, au anaona haya kuyataja.